Wati 100 si kelele mara mbili ya wati 50

Mpiga gitaa anayetafuta amplifaya ndogo ya ukubwa wa pedali (kisanduku cha gitaa kinachokanyagwa kwa mguu), ya kubeba kwenye shoo au ya akiba ile kubwa ikizima ghafla, huanza na swali moja: ina wati ngapi? Anaamini wati 100 zitasikika mara mbili ya wati 50. Si kweli. Nguvu ikiongezwa maradufu, sauti hupanda desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Sikio hutambua, lakini halishtuki. Ili isikike kama imekuwa maradufu, zinahitajika takribani desibeli 10, yaani nguvu mara kumi.

Kinachosahauliwa ni spika. Spika inayotoa desibeli 100 kwa wati moja, ukiiweka mahali pa ile ya 97, inakupa desibeli 3 zilezile bila kuongeza wati hata moja. Kwangu mimi, pesa ianzie hapo.

Wati nyingi zina faida yake: sauti hubaki safi ukiipandisha kushindana na mpiga drums. Lakini soma maandishi madogo. Amplifaya nyingi za aina hii hutangaza nguvu zake kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme). Ukiunganisha ya omu 8 unabaki na karibu nusu. Hilo halina madhara. Kinachoua mashine ni kushuka chini ya omu ilizoruhusiwa. Na tafadhali, tumia waya wa spika. Ule wa gitaa ni mwembamba mno, hupata joto.