Mchanga wa nje haufai kuchorea kioo

"Kwa nini ninunue chembe za kupulizia wakati mchanga umejaa nje?"

Swali hili, la kuchora kioo kwa kukipulizia chembe kwa hewa ya kompresa, nimeulizwa tena wiki hii. Aliyeuliza alikuwa ameshajaza ndoo, ameuchekecha mchanga wake na kuuanika ukakauka, na alikuwa ameshachora bilauri sita. Alinionyesha kwa furaha, na kweli zilipendeza. Nikamuuliza alivaa nini usoni. Akasema alijifunga kitambaa.

Nimelijibu swali hili kwa ufupi mara nyingi, halafu mtu anarudi mwezi unaofuata na ndoo ileile. Leo nalijibu kwa kirefu.

Mchanga mwingi wa mtoni na wa ufukweni ni madini ya silika. Ukiwa umelala chini hauna ugomvi na mtu, kwa sababu punje zake ni kubwa mno kufika mapafuni. Balaa linaanza pale kompresa inapourusha ukagonga kioo. Punje moja inapasuka vipande vingi, na vile vidogo kabisa, vya maikroni chache tu, huvioni kwa macho, vinaelea hewani muda mrefu, na vinapita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Ndiyo maana kuuchekecha hakusaidii, wala kuuosha. Watu wanadhani wameshaondoa vumbi. Vumbi linaloua halikuwemo kwenye ndoo. Linazaliwa palepale punje inapogonga kioo. Na kitambaa kilichofungwa usoni, ambacho hata hakikai sawasawa pembeni mwa pua, hakilizuii.

Ugonjwa wenyewe ni silikosisi. Mapafu yanaota makovu, pumzi inakata, na hakuna dawa ya kuyaondoa makovu hayo. Yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Mwenye silikosisi yuko pia kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Kwa wengi huchukua miaka kumi na zaidi kujitokeza, lakini anayevuta vumbi jingi anaweza kuugua ndani ya miaka michache, au hata wiki. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Nikifika hapo huwa naambiwa, "Hayo ni ya wachimba migodi." Si kweli, na mfano ninaoutoa unatoka kwenye nguo, kitu ambacho wengi wetu tunakishika kila siku. Nchini Uturuki kulikuwa na karakana za kupulizia mchanga suruali za jinzi ili zionekane zimechakaa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa vijana, wengi kwenye vyumba vidogo visivyo na hewa, na madaktari wakaanza kuwapokea wakiwa na silikosisi. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku. Taasisi ya Marekani ya Usalama na Afya Kazini ilishapendekeza tangu mwaka 1974 kwamba mchanga wa silika usitumike kabisa kupulizia. Si habari mpya, na inaniuma kwamba bado tunaibishania.

"Mimi nafanya dakika tano tu." Dakika tano leo, tano kesho, kwa miaka, ndani ya stoo iliyofungwa, halafu unaingia sebuleni na nguo zilezile. Mfanyakazi wa kiwandani angalau anaweza kuwekewa feni ya kuvuta vumbi. Wewe umejiwekea nini?

Tumia chembe za alumini oksaidi, za ukubwa wa punje namba 150 hadi 220 kwa kazi za bilauri na vioo vya ukutani. Ni ngumu kuliko mchanga, haipondeki haraka, na unaikusanya chini ya kabati la kupulizia, unaichekecha na kuirudisha kazini mara nyingi. Mchanga unasagika mara ya kwanza tu, kwa hiyo hata ule "ubure" wake ni wa kufikirika. Pulizia ndani ya kabati lililofungwa, lenye glavu zake, na vaa kinyago cha kupumulia chenye vichujio vya chembe ndogo, kwa sababu hata chembe salama zinatoa vumbi na kioo nacho kinatoa lake. Na ushauri wangu ambao siuachi: kabla hujafikiria kompresa kubwa, nunua kifyonza vumbi chenye kichujio cha daraja la HEPA, yaani kinachonasa hata vumbi dogo sana, ukiunganishe kwenye kabati. Kifyonza cha kawaida cha nyumbani kinameza vumbi kubwa na kulitema lile dogo nyuma yake, yaani kinakuachia hewani lile lile la hatari.

Tukiwa bado kwenye kioo: presha kubwa haitoi mchoro mzuri. Kwa mtungi wa shinikizo naanzia psi 30 (psi ni kipimo cha presha ya hewa), na mara chache navuka 40. Mtu akiweka 90, upepo unaingia chini ya vinili (plastiki nyembamba ya kunata tunayoikata kuwa stensili), kona za herufi zinanyanyuka, na mstari uliotakiwa kuwa mkali unatoka na ukungu pembeni. Huwa nawaonyesha wanafunzi herufi moja ya vinili juu ya bilauri. Napuliza sekunde tatu tu. Kioo kinageuka cheupe, lakini kile kiplastiki chembamba, unachoweza kukikwaruza kwa ukucha, kinabaki kizima. Wanashangaa kwamba kilaini ndicho kilichosalimika. Kioo ni kigumu lakini ni kikavu, kinameguka; vinili inanepa, na punje inadunda. Kwa hiyo stensili haihitaji kuwa ngumu. Kwa ukungu wa juujuu vinili ya kawaida ya stika inatosha. Kwa kuchimba kina ndipo utafute ile nene ya mpira. Kioo kilichoimarishwa kwa joto usikichimbe kabisa, kinaweza kulipuka vipande mkononi.

Kwenye nguo kuna dhana potofu iliyo ndugu ya hiyo: eti vinili ikibanduka, ongeza moto. Vinili nyingi za nguo za poliuretani zinataka nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi kwa sekunde 10 hadi 15, na karatasi ya maelekezo inasema hivyo. Moto ukizidi, gundi inazama kwenye uzi badala ya kushika, poliesta inang'aa kama imepakwa mafuta, na rangi ya jezi nyekundu inapanda hadi namba nyeupe zinakuwa za waridi. Ninapoletewa tisheti iliyobanduka, kitu cha kwanza ninachotazama ni mshono. Mara nyingi herufi zilizobanduka ndizo zilizo jirani na kola au kifungo, kwa sababu sahani ya presi (mashine ya kugandisha vinili kwa joto) ilikalia ile sehemu nene na hazikugandamizwa. Weka mto chini ya tisheti, ning'iniza kola nje ya sahani. Piga sekunde tano bila vinili kwanza ili unyevu utoke. Kisha subiri saa 24 kabla ya kufua, ugeuze nje ndani, na usitumie dawa ya kulainisha nguo.

Kuhusu sablimesheni, yaani kuchapa nguo kwa wino na joto, kwenye pamba: haishiki. Wino wake unageuka mvuke na kuingia ndani ya poliesta. Pamba haina pa kuupokea. Nguo nyeusi pia sahau, kwa kuwa hakuna wino mweupe wa sablimesheni.

Usikate vinili ya PVC kwa leza. Inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayounguza mapafu yako na kuitia kutu mashine yenyewe. Hapa sina maelezo marefu: usikate.

Mwisho ni kisu cha plota, mashine ya kukatia vinili. Watu wanakitoa nje sana, eti kikate vizuri. Kisu kinatakiwa kupita vinili na kuishia kwenye karatasi ya nyuma, kikiigusa tu. Kata pembetatu ndogo pembeni, inyofoe, kisha geuza karatasi uitazame kwenye mwanga. Ukiona alama hafifu upo sawa. Ukihisi mfereji kwa kidole, kirudishe ndani. Na kama hakikati hata ukikitoa, kimekuwa butu; badilisha kisu, usiongeze nguvu.