“Umesamehe, basi rudi nyumbani”, na dhana nyingine za Kwaresima

Majivu hayajafutika kwenye paji la uso, tayari wameshafika ofisini. (Ya kitubioni siyasemi, yale hayatoki.) Mama wa watu analetwa na mashemeji zake: “Padre, mwambie asamehe, hiki ni kipindi cha toba, arudi kwa mumewe.” Mume aliyempiga hayupo. Hata salamu hajatuma.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba aliyesamehe lazima arudi palepale kana kwamba hakukutokea kitu. Si kweli. Kusamehe unaweza peke yako: unaacha kisasi, unamwombea mema aliyekuumiza, hata kama ameshakufa. Kupatana kunataka wawili, na yule wa pili sharti akiri na abadilike. Yusufu angeweza kujitambulisha siku ya kwanza ndugu zake waliposhuka Misri kununua nafaka. Hakufanya hivyo. Aliwapima mpaka Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumwuza, alipojitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini. Hapo ndipo akasema, “Mimi ni Yusufu.”

Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, na siku nne baadaye, akiwa bado hospitalini, akatangaza kwamba amemsamehe aliyempiga. Mwaka 1983 akamfuata gerezani, wakazungumza. Mehmet Ali Ağca, huyo aliyempiga risasi, aliendelea na kifungo chake Italia hadi mwaka 2000, na sijasikia mtu akisema Papa alikuwa na moyo mgumu. Basi mama huyu akimwombea mumewe huku akiishi kwa dada yake, ametimiza lake. Mashemeji wakamtafute kaka yao.

“Nikikumbuka bado naumia, kwa hiyo sijasamehe.” Soma Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 2843: kutohisi kosa na kulisahau haviko katika uwezo wetu. Endelea kumwombea.

“Nimeungama, yamekwisha.” Dhambi imeondolewa, ndiyo, lakini shamba ulilomnyang’anya mdogo wako bado ni lake. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, aliahidi kurudisha mara nne. Wewe rudisha hilo moja.

Halafu kuna ule ujumbe wa simu wa Jumatano ya Majivu, unaorushwa kwa kila namba: “Kama nimekukosea kwa lolote, nisamehe.” Kama? Unajua fika ulichofanya! Mathayo 5:24 inasema uiache sadaka yako, uende ukapatane kwanza na ndugu yako. Ushauri wangu kila mwaka ni uleule: chagua mtu mmoja, mfuate, litaje kosa lenyewe. “Ile hela ya mchango haikupotea, niliila mimi.” Ukishasema, nyamaza, usiongeze “lakini na wewe”. Akikujibu kwamba hayuko tayari, usimtishie kwa Mungu wala usinitume mimi kumbembeleza. Mshukuru kwa kukusikiliza, mkabidhi hela yake, uende zako.