Kompyuta Inajizima Ikirenda Video: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Kuanzia Agosti mpaka mvua zishuke, hapa Tabora meza yangu ya ufundi hujaa kompyuta zenye ugonjwa mmoja. Mtu amerekodi kipaimara, harusi ya mdogo wake au arobaini ya mtoto, amekata vipande na kuviunganisha vizuri, amebonyeza kurenda ili apate faili moja la kuwatumia ndugu, halafu mashine inakata. Onyo hakuna, kioo kinakuwa cheusi tu. Akifika kwangu tayari ana jibu lake, na mara nyingi amekwishalilipia mahali pengine.

"Ni virusi, piga Windows upya"

Hili ndilo linalokula pesa za watu kuliko yote. Virusi vinaweza kuiba nywila, kuficha mafaili au kuifanya mashine iwe nzito. Kuikata puu katikati ya kazi, kila ukirenda na si wakati mwingine, hiyo si tabia yake.

Tazama kwanza mashine inakufaje. Programu ikijifunga yenyewe lakini Windows ikabaki, tafuta kosa kwenye programu hiyo, kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au kwenye nafasi ya diski. Kikija kioo cha buluu chenye maandishi, mara nyingi ni dereva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa fulani, au RAM mbovu. Lakini ikizimika kama mtu kachomoa waya, washukiwa wakubwa ni wawili: joto na umeme. Ukiwasha tena na kufungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta Kernel-Power, namba 41. Watu hunionyesha namba hiyo kama cheti cha daktari. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu. Sababu yenyewe haiitaji.

Mwalimu mmoja wa Cheyo, hapahapa Tabora, alipigiwa Windows mara mbili ndani ya wiki moja. Mara zote mbili video ya kipaimara cha bintiye iliishia asilimia 37.

"Inakatia palepale, basi kuna kipande kibovu"

Mwalimu naye alikuwa ameshika hilo, akafuta kipande cha maandamano ya kuingia kanisani akidhani ndicho chenye kasoro. Kipande kibovu huleta ujumbe wa kosa au kuikwamisha programu, hakizimi kompyuta nzima. Asilimia hujirudia kwa sababu kazi ni ileile na joto hupanda kwa mwendo uleule.

Nikamwambia, "Mwalimu, tuache asilimia, tushike saa." Ikiwa imepoa, ilikata dakika ya 14. Tukaiwasha papo hapo ikiwa bado ya moto, ikakata dakika ya 4. Tukaiacha ipoe tukanywa chai, ikarudi kukata dakika ya 13. Mashine inayotaka kupumzika ndipo ifike mbali inaumwa joto. Ingekuwa inakata sekunde chache tu baada ya kubonyeza, ingali baridi, ningeanza na upande wa umeme.

"Feni inazunguka, nasikia inavuma"

Kuvuma ndiyo, lakini upepo unapita? Nilipofungua laptopu ya mwalimu, feni ilikuwa nzima kabisa. Mbele yake, kwenye mapezi membamba ya chuma ambayo upepo hupita kutoa joto nje, vumbi la kiangazi lilikuwa limeshikana na nywele na nyuzi za kapeti. Nikalibandua kwa kibano, likatoka kipande kizima kama kiraka cha blanketi, upande mmoja kina mistari ya mapezi. Feni ilikuwa inapuliza ukuta.

Chini ya bomba la shaba, ile pesti inayohamisha joto kutoka kwenye prosesa, chipu kuu inayofanya kazi, ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la ukingoni mwa Bwawa la Igombe mwezi wa Oktoba. Hufutwa kwa spiriti, kikawekwa kitone kipya kiasi cha punje ya choroko. Wengi hupaka kama siagi kwenye mkate, na ikizidi haiongezi ubaridi.

Ukitumia blowa, zima mashine, ondoa betri, na uishike feni kwa kijiti isizunguke. Kuiacha ipae kwa upepo wa blowa ndiyo njia ya kuua beringi zake.

Kabla ya usafi prosesa ilifika nyuzi 98 za Selsiasi ikirenda. Baadaye iligota 79. Prosesa nyingi za laptopu za Intel zimewekewa mpaka wa nyuzi 100 hivi: ikikaribia hapo hupunguza kasi yenyewe, na joto likizidi kupanda mashine hujizima isiungue. Kwa hiyo anayekwambia "prosesa imekufa" kwa sababu tu kompyuta inajizima, mwombe kwanza akuonyeshe joto lake. Kuna programu za bure za kupima, HWMonitor ni mojawapo.

"Mbona sinema inacheza siku nzima?"

Kucheza sinema ni kazi nyepesi, mara nyingi hufanywa na sehemu maalumu ya chipu ya grafiki. Kurenda mara nyingi huziita kori zote za prosesa, yaani vitengo vyake vya kufanyia kazi, kwa pamoja na hakuziachii mpaka kazi iishe.

"Ongeza RAM"

RAM ndogo huleta kukwama na polepole. Weka ukitaka, mashine itaendelea kukata.

"Ni umeme wetu tu huu"

Hapo pengine uko sahihi. Itazame taa ya chumbani: ikipepesa pamoja na kompyuta, tatizo liko ukutani, na laptopu yenye betri iliyokufa itazimika kwa kila mpepeso. Taa ikitulia, rudi kwenye chaja, au kwenye pawasaplai, lile boksi linaloigawia desktopu umeme. Kwenye desktopu usiamini "500W" iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Soma mstari wa volti 12: ukikuta ampea 16, zidisha, unapata wati 192, na mstari huo ndio unaolisha prosesa na kadi ya grafiki. Ukiona kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji kwenye bodi, zimevimba vichwa, usibahatishe. Na pawasaplai usiifungue mwenyewe hata ikiwa imechomolewa, maana hubaki na chaji.

"Iwekee barafu chini"

Barafu huleta unyevu, na unyevu ndani ya mashine ni msiba mwingine. Feni ya mezani ni ruksa, na ni kipimo kizuri pia: desktopu ikiachwa wazi ubavuni, ikapulizwa, ikamaliza kazi, basi umejua ni joto. Laptopu iondoe kitandani, godoro linaziba matundu yake ya chini.

Ukiwa na haraka na fundi yuko mbali, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ushushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye mashine nyingi hatua hiyo huzima ile mbio ya ziada inayochemsha, kazi inachelewa kidogo lakini inafika. Au renda vipande vya dakika kumi kumi, kisha uviunganishe. Faili la MP4 lililokatika njiani kwa kawaida halifunguki hata kama lina gigabaiti 3, kwa sababu faharasa yake huandikwa mwishoni. Kwa hiyo picha zilizo kwenye kadi ya kamera usizifute mpaka uitazame video nzima.

Mwalimu alirudisha kile kipande cha maandamano, akairendea video palepale mezani kwangu. Ilipopita 37 akanyamaza. Ilimaliza kwa dakika 31 tu, maana prosesa isiyojipunguza kasi kwa joto hukimbia zaidi. Akaitazama mpaka mwisho, kisha akaniambia sauti ya kwaya iko chini. Nikamwambia, "Hilo sasa si la fundi, Mwalimu."