Pensheni Haivuki Mpaka na Haki Zake Zote

Wengi huamini kwamba mstaafu anayehamia nchi yenye gharama nafuu amekwisha kutatua suala la fedha, kwa kuwa pensheni ileile itanunua vitu vingi zaidi. Unafuu huo ni wa kweli, na wapo walioishi kwa raha kwa sababu yake. Kosa ni kudhani kwamba pensheni, pamoja na haki zinazoambatana nayo, hubaki vilevile baada ya kuvuka mpaka.

Uingereza, kwa mfano, huongeza pensheni ya serikali kila mwaka kwa wastaafu wake wanaoishi Marekani au Hispania, lakini anayehamia Kanada au Australia hubaki na kiwango alichoondoka nacho, hata akiishi huko miaka 20 huku bei zikipanda. Kwa maoni yangu, hiyo ni dhuluma kwa watu waliochangia sawasawa na wenzao. Raia wa Marekani naye hubaki chini ya sheria za kodi za nchi yake popote aishipo, ilhali Medicare, bima ya afya ya umma kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kwa kawaida hailipii matibabu ya ughaibuni. Bima binafsi nayo hupanda kadiri umri unavyosonga.

Kuna pia thamani ya sarafu ambayo pensheni hulipwa nayo, ambayo ikishuka dhidi ya sarafu ya nchi unakoishi hupunguza kipato bila mtu kupoteza hata senti moja ya pensheni yake. Ni busara kuyachunguza haya kabla ya kuuza nyumba, kwa kuwa kurudi baadaye, hasa mwenza akifariki au afya ikidhoofika, huweza kugharimu zaidi kuliko kuondoka.