RS-485 sio itifaki, jamani

Nimeshasikia mara nyingi mpaka nimechoka. Unamuuliza mtu, hii PLC yenu ya zamani (kompyuta ya kuendesha mitambo) inatumia itifaki gani ili tuiunganishe na hii mpya, anakujibu kwa kujiamini kabisa "RS-485". Mwingine anaangalia tundu la RJ45, lile la kebo ya mtandao, anasema "Etheneti, chomeka tu". Juzi nimeisikia tena, ndio maana naandika.

Itifaki ni makubaliano ya namna ya kuongea: nani anaanza, anauliza kwa mpangilio gani, jibu linakuja na umbo gani, na kosa likitokea linasemwaje. Basi, hiyo ndiyo maana yake. Waya haumo humo.

Na neno lenyewe linatwambia kabisa, tatizo hatulisikilizi. Itifaki limetoka Kiarabu, ni ndugu wa muafaka, wafikiana, hata taufiki, wote mzizi wao mmoja wa kuafikiana. Yule msemaji anayesimama mkutanini akasema "itifaki imezingatiwa" hazungumzii nyaya za spika, anamaanisha utaratibu wa nani atajwe kwanza umefuatwa (ingawa mara nyingi anaruka tu majina, ila tumsamehe). Hao wenye protokali nao neno lao ni la Kigiriki, lilikuwa karatasi ya kwanza iliyogundishwa mwanzoni mwa gombo la mafunjo, baadaye likawa rasimu ya mapatano, likaingia kwenye diplomasia, na mwaka 1967 pale maabara ya NPL Uingereza Roger Scantlebury na Keith Bartlett wakalitumia kwa mawasiliano ya kompyuta. Yaani ukilifuata huku makubaliano, ukilifuata kule makubaliano, waya umeingilia wapi?

Sasa RS-485 ni nini? Ni habari ya umeme. Inasema jozi ya nyaya, tofauti ya volti kati yao ndiyo inayobeba 0 na 1, mpokeaji awe anatambua hata tofauti ya milivolti 200. Kwa spidi ndogo kebo inafika kama mita 1200 hivi. Hata umbo la plagi haisemi, ndio maana kuna watengenezaji wameiweka kwenye tundu la RJ45 lile lile unaloliona kwenye swichi ya ofisini, mtu anachomeka kebo ya mtandao alafu anashangaa taa haziwaki. Juu ya nyaya hizo hizo mbili unaweza kukuta itifaki ya Modbus RTU, unaweza kukuta ya PROFIBUS DP, unaweza kukuta kitu alichobuni mtengenezaji mwenyewe miaka hiyo na hakukiandika popote. Simu ni moja, ila kama mimi naongea Kimakonde na wewe Kijaluo tutabaki "haloo, haloo" mpaka salio liishe.

Etheneti ni hivyo hivyo, na hapa ndio watu wanaponaswa zaidi maana pingi, ule ujumbe wa kujaribu kama kifaa kinafikika mtandaoni, inajibu. Kontrola mbili, yaani PLC, ziko kwenye swichi moja, moja inaongea Modbus TCP (Modbus ya kwenye Etheneti) kwenye poti 502 (namba ya mlango wa programu, sio tundu), nyingine EtherNet/IP kwenye poti 44818, unapiga pingi zote zinaitika, unapiga makofi, alafu data haiji. Na hiyo IP ya EtherNet/IP sio ile ya anwani ya IP, ni kifupi cha itifaki ya viwandani, aliyechagua jina hilo hakututakia mema.

Kwa hiyo kile kiboksi cha kubadilisha RS-485 kuwa Etheneti, kama ni konveta tupu, kinabadilisha njia tu, maneno yanabaki yale yale. Ukiwa na PLC ya zamani ya Modbus RTU, konveta itazipitisha baiti zake kama zilivyo na CRC (baiti za kukagua makosa) yake mkiani, mfumo mpya unaotegemea Modbus TCP utazikataa kwa sababu wenyewe unataka CRC ya baiti 2 ivuliwe na mbele kuwe na kichwa cha baiti 7. Anayefanya kazi hiyo anaitwa geitiwei, huyo anaelewa pande zote mbili, ni mkalimani kweli. Wauzaji wanayachanganya majina haya makusudi au kwa kutojua, sijui.

Na hata mkishakubaliana Modbus kwa Modbus bado. Modbus ni ya mwaka 1979, kutoka kampuni ya Modicon, kwa upande wa namba inajua rejista (visanduku vya kuhifadhia namba) za biti 16 basi, namba ya desimali ya biti 32 inakaa kwenye rejista mbili na itifaki haikusema ipi itangulie. Mimi nilikesha na hili. Joto la tangi ni 25, kontrola ya zamani inatuma 41C8 alafu 0000 (ndiyo 25 hiyo kwa heksadesimali), mpya inasoma 0000 kwanza ndio 41C8, inapata namba ndogo kupita kiasi ambayo kwenye skrini inaonekana 0.0. Nimebadilisha kebo, nimeweka resista za omu 120 kwenye ncha za kebo huku na huku, nimepima nyaya za A na B kwa mita mpaka usiku wa manane, kumbe waya haukuwa na kosa lolote tangu asubuhi, lilikuwa suala la tiki moja kwenye mipangilio, kubadilisha mpangilio wa maneno, yaani rejista ipi itangulie.

Basi ndugu yangu, ukiulizwa itifaki, usinitajie tundu. Niambie Modbus RTU, anwani ya kifaa namba fulani, spidi fulani, pariti (biti ya kukagua makosa) fulani, rejista 40001 kwenye kitabu chenu inahesabiwa kama 0 au kama 1, na desimali inaanza na neno lipi. RS-485 nitaiona mwenyewe nikifungua kabati.