Tik tik ya injini haiponi kwa oili nzito, jamani

Jumatatu hii hata sijavaa ovaroli, simu inaita. "Fundi, za asubuhi? Gari yangu imeanza tik tik tik huku mbele, nimeambiwa niweke ile oili nzito, ishirini hamsini, eti kelele itaisha. Niinunue njiani au we unayo?" Huyo ni wa nne tangu baridi ya mwezi wa saba ianze. Kila mwaka ni hivi hivi, baridi ya Arusha ikishika watu wanawasha gari alfajiri kuna ukimya, wanasikia injini zao vizuri, afu kila mtu ana jirani anayejua dawa. Nimeieleza kwenye simu mpaka koo limekauka, sasa acha niandike.

Nianze na hiyo hiyo ya oili nzito maana ndo inayoniuma kuliko zote. Watu wanaamini injini inapiga kelele kwa sababu oili ni nyepesi mno, kwa hiyo ukiweka nzito inajaza nafasi na vyuma vinaacha kugongana. Kinachowaponza ni kwamba mara nyingine kelele inapungua kweli, siku mbili tatu, hata wiki mbili, na aliyekushauri unampigia simu kumshukuru. Ila kilichopungua ni sauti tu. Oili nzito inakaa kama godoro katikati ya vyuma viwili, vinagongana pale pale ila we husikii, na kilichokuwa kinalika kinaendelea kulika.

Chukua hizi injini za Toyota za 1NZ zilizojaa mjini, yaani za IST, Vitz, Raum, Probox. Tapeti zake, yaani vile vinavyosukuma valvu zifunguke, ni vikombe vya chuma kitupu, sio zile za haidroliki zinazojaa oili ndani na kujirekebisha zenyewe. Nafasi kati ya kamshafti (ule mhimili wa juu unaozunguka na kusukuma tapeti) na kikombe, injini ikiwa baridi, inatakiwa iwe 0.15 mpaka 0.25 mm upande wa kuingiza hewa, na 0.25 mpaka 0.35 mm upande wa ekzosi. Sasa kama yako imefika 0.45, umwagie oili ya aina gani, ya bei gani, itabaki 0.45. Dawa yake ni kufungua kava, kupima na fila geji (vile vijibamba vyembamba vya kupimia nafasi), kutoa kamshafti na kubadilisha kikombe uweke chenye unene mwingine. Na injini hiyo hiyo ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, ambao unasogezwa na presha ya oili inayopita kwenye valvu yenye vinjia vyembamba na kichujio kidogo sana, we unaipitishia uji mzito afu unashangaa gari imekuwa nzito kuvuta.

Zile namba za kwenye chupa ya oili pia watu wanazisoma vibaya. Namba iliyo na W inakwambia oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, ya mwisho inakwambia uzito wake injini ikishachemka. Kwa hiyo 5W-30 na 20W-50, ndo hiyo ishirini hamsini, zinatofautiana pande zote mbili, na huku kwetu tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, gari ikilala nje Sakina au Ngaramtoni mwezi wa saba unaamka kioo kimelowa umande na mikono inakufa ganzi kwenye usukani. Saa 12 asubuhi hiyo 20W-50 imeganda kama asali, iko chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, na kamshafti iko juu kabisa inazunguka inasubiri oili ipande. Muda ule mfupi baada ya kuwasha ndo vyuma vinaumia, na we umeurefusha kwa hela yako mwenyewe.

Kuna dada mmoja, mwalimu, anakaa Tengeru, ana IST. Ilianza tik tik ya asubuhi, akapita gereji ya njiani wakamwambia oili nyepesi hiyo dada, wakamuongezea 20W-50 juu ya ile iliyokuwemo na kachupa ka dawa ya kuua kelele. Hakuna aliyechomoa stiki kuangalia kwanza injini ina oili kiasi gani na kwa nini imepungua. Kelele ikakata. Wiki kama tatu baadaye analetwa kwangu kwa kamba, injini inagonga ngo ngo ngo, sio tik tik tena. Nikafungulia oili, ikatoka nyeusi, haikufika lita moja na nusu, wakati injini ile inakula kama lita 3.7 ukibadilisha na filta. Filta tuliikata kwa msumeno, mikunjo ya karatasi ndani ilikuwa na chembe zinazometameta kama rangi ya kucha. Tukashusha sampu, beringi ya konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa chini) ya pistoni namba tatu imekwanguka kiasi kwamba nikipitisha ukucha unanasa. Nilimpa aishike mwenyewe. Akaniuliza, "Fundi, kwani siku ile ingekuwa shilingi ngapi?" Siku ile ingekuwa galoni ya oili sahihi na kuziba sili iliyokuwa inavujisha pale mbele kwenye krenki. Iliniuma sana kumwambia hivyo, maana dada wa watu hakupuuzia, aliipeleka gari kwa fundi siku ile ile aliyosikia kelele. Aliyepuuzia ni aliyeshika chupa.

Kwa hiyo ukisikia tik tik, kabla ya kununua chochote, angalia stiki. Gari iwe sehemu tambarare, zima, subiri dakika kama tano oili ishuke, chomoa, futa kwa kitambaa kisafi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena usome. Ikiwa chini ya alama ya chini usiwashe tena, ongeza kwanza ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, afu njoo tutafute ilipokwenda, maana oili haipotei bure, ama inavuja ama inaungua. Mi wateja wangu nawaambia wapime kila wakijaza mafuta na najua wengi hawapimi, ila nitaendelea kuwaambia.

Sijasema 20W-50 ni sumu. Kuna injini za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya oili nzito na zinaenda nayo vizuri miaka yote, na dizeli kibao za safari hapa zinatembea na 15W-40 kwa sababu kitabu kinasema hivyo. Ninachokataa ni kuifanya dawa ya kelele ambayo hakuna aliyeisikiliza inatokea wapi.

Ya pili, "taa ya oili haijawaka kwa hiyo oili ipo." Hapana. Kwenye gari nyingi hizi taa ile nyekundu haipimi kiasi cha oili, inapima presha, na mpaka iwake presha imeshaanguka karibu na sifuri. Ukiiona uko barabarani usiseme nitafika tu Usa River, weka pembeni uzime hapo hapo.

Ya tatu ni wanaokuja wameshajipima, "fundi nikazie tapeti." Kwanza kwenye 1NZ hakuna nati ya kukaza, nimeshaeleza. Pili, hata kwenye injini zenye nati ukikaza mpaka kimya kabisa valvu haifungi vizuri, na valvu ya ekzosi isiyokaa kwenye kiti chake inaungua. Na tatu, umejuaje ni tapeti? Noah yenye D-4, yaani inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, injekta zake zinapiga tiki tiki muda wote na pampu yake ya presha kubwa nayo ina mlio wake, gari nzima kabisa. Plagi isiyokazwa vizuri inapumua pembeni na kutoa mlio unaofanana kabisa na tapeti. Na kuna ekzosi, hii inadanganya mpaka mafundi. Gasketi ya manifoldi, lile bomba linalopokea moshi pale unapotoka kwenye injini, ikikatika, gari ikiwa baridi inapiga tik tik kali, ukikanyaga mafuta inazidi, injini ikichemka chuma kinatanuka kinaziba na kelele inakata, basi mtu anasema tapeti zilikuwa kavu sasa zimepata oili. Washa tochi uangalie pale manifoldi inapokutana na hedi, ukiona masizi meusi yamejichora kama mkia, umempata. Kuna mzee wa Kijenge alikuwa ameshatafutiwa injini nyingine Dar kwa kelele ya gasketi ambayo bei yake haifiki kuku wawili wa kienyeji.

Mi nasikiliza kwa kipande cha mpira, kile cha kupitishia maji, kama mita moja. Ncha moja sikioni, nyingine naizungusha juu ya injini, mbali na feni na mikanda. Mpira haudanganyi, ukifika penyewe sauti inajaa sikio. Nikishuku ni chini kwenye konrodi nachomoa koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi, moja moja kwa sekunde chache, silinda ambayo ukiizima mlio unafifia, shida iko chini yake. Na kamshafti inazunguka nusu ya krenki, gari ikiwa kwenye mizunguko 700 kwa dakika, tapeti moja inagonga mara 350, kwa hiyo kelele ya juu ni ya polepole kuliko ya chini. Sikio likishazoea unaitofautisha bila kuhesabu.

Kuosha injini kwa dizeli, yaani kumwaga dizeli kwenye oili na kuiwasha "isafishike", achaneni nayo. Unaifanya oili maji, na tope linalobanduka linaenda kuziba ile chujio ya pampu chini ya sampu. Injini yenye tope inasafishwa kwa kubadilisha oili mapema mapema mara kadhaa.

Eti ni petroli mbaya ya kituo fulani? Petroli inaweza kufanya injini igonge ukiwa unapanda mlima umekanyaga, ila tik tik ya gari iliyosimama usiibebeshe petroli.

Na kama kelele inaongezeka gari inavyokimbia lakini ikisimama injini inanguruma bila tik tik, hiyo hata sio injini. Angalia tairi. Barabara za kokoto za huku zinapachika kijiwe kwenye meno ya tairi, au msumari, na mtu anakuja na presha ya kupanda. Ikilia ukikata kona tu, hiyo ni CV joint, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi.

La mwisho ni ombi. Mlio wa asubuhi siwezi kuusikia saa nne wakati umeshatoka Usa River na injini imechemka. Leta gari jioni ilale kwangu, niiwashe mwenyewe alfajiri ikiwa ya baridi. Ukishindwa, rekodi video na simu yako pale pale unapowasha mara ya kwanza, boneti iwe wazi, dakika mbili bila kukanyaga mafuta na bila kuongea, afu nitumie.