Je, wajua kwa nini mjane wa Uingereza wa karne ya 14 alikuwa na nguvu kuliko mke?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mwanamke wa Uingereza ya zama za kati hakuweza kumiliki ardhi. Baba ana mali, kaka anarithi, binti anaozwa, basi. Kisha nikakutana na habari za Elizabeth de Clare, aliyezaliwa 1295 na kufariki 1360. Mama huyu alikuwa na mashamba na makasri Uingereza, Wales na Ireland, akikusanya kodi zake mwenyewe, na kuna chuo Cambridge kinachobeba jina la Clare hadi leo kwa sababu yake. Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe linastahili kufumuliwa taratibu.

Sheria ya Uingereza haikusema mwanamke hana ardhi. Ilimweka nyuma ya kaka yake, kisha ikamweka nyuma ya mumewe. Kuwekwa nyuma ni tofauti na kunyimwa, maana aliyeko mbele akifa, wa nyuma anasogea. Mwanamke yuleyule angeweza kuwa mrithi akiwa binti, akapoteza usimamizi akiolewa, akaupata tena siku ya kufiwa. Tukimtazama akiwa mke tu, tutasema hana kitu. Wala Elizabeth hakupewa sheria ya peke yake. Haki alizotumia zilikuwa za wanawake wengi wenye ardhi, wakubwa na wadogo. Kilichokuwa si cha kawaida ni ukubwa wa mali yenyewe.

Baba yake, Gilbert de Clare, alikuwa kabaila wa Gloucester, na mama yake, Joan, alikuwa binti wa Mfalme Edward I. Mwana wa kiume alirithi peke yake. Lakini pasipo mwana, mabinti waligawana sawa kwa sawa, bila mkubwa kuongezewa. Kaka yake Elizabeth aliuawa vitani Bannockburn, Scotland, mwaka 1314 akiwa na miaka 23, bila mtoto. Wakabaki dada watatu: Eleanor, Margaret na Elizabeth. Hata hivyo mgawo ulikwama, kwa kuwa mjane wa marehemu alisema ana mimba, na mtoto huyo akizaliwa angewapiku shangazi zake wote. Alishikilia kauli hiyo kwa zaidi ya miaka miwili! Ardhi iligawanywa 1317, na fungu la kila dada lilikuwa na thamani ya takribani paundi 2,000 kwa mwaka, utajiri mkubwa mno wakati huo.

Sasa tuje kwenye ndoa. Chukulia nyumba ya kupangisha ambayo mke ameirithi kwa baba yake. Akiolewa, funguo zinakwenda kwa mume. Mume ndiye anayepokea kodi na kumwondoa mpangaji. Lakini jina la mke halifutwi kwenye hati. Mke akitangulia kufa, na walishapata mtoto aliyezaliwa hai, mume anabaki na funguo hadi mwisho wa maisha yake, ndipo nyumba inarudi kwenye damu ya mke. Mume akitangulia, mjane anachukua funguo zake.

Kuna na nyumba ya pili, ya mume mwenyewe. Hapo mjane alipewa chumba kimoja katika kila vitatu. Alikula kodi yake maisha yake yote, ila hakuweza kukiuza wala kumwachia amtakaye. Akiolewa tena, chumba kilibaki chake, ingawa funguo zilikwenda kwa mume mpya. Kwa hiyo mwanamke aliyefiwa na waume watatu angeweza kula kodi ya vyumba katika nyumba tatu, juu ya nyumba yake ya urithi. Elizabeth alifiwa na watatu kabla ya kufika miaka 27.

Magna Carta ya 1215, hati ya haki ambayo mfalme wa Uingereza aliikubali, ilikuwa imeongeza ngao: mjane asilazimishwe kuolewa akitaka kukaa bila mume. Lakini andiko ni andiko na mkono wenye nguvu ni mkono wenye nguvu. Februari 1316, baada ya kifo cha mumewe wa kwanza, John de Burgh, Elizabeth alichukuliwa kutoka kasri la Bristol na Theobald de Verdun, akamwoa bila idhini ya mfalme. Verdun alidai walikwisha kuchumbiana Ireland na kwamba Elizabeth alitoka kwa hiari yake. Hayo ni maneno ya mwanamume aliyekuwa akijitetea, yapokewe kwa uangalifu. Verdun alifariki miezi michache baadaye, akimwacha mjamzito. Mwaka uliofuata mfalme, Edward II, mjomba wake Elizabeth, akamwozesha kwa kipenzi chake Roger Damory.

Damory alimwasi mfalme na kufa 1322. Elizabeth akawekwa chini ya ulinzi katika nyumba ya watawa ya Barking, na shemeji yake Hugh Despenser, mume wa Eleanor na kipenzi kipya cha mfalme, akamshurutisha aachie Usk, ardhi yake nzuri ya Wales. Mwaka 1326, Despenser akiwa bado na nguvu, Elizabeth aliandikisha malalamiko yake kwa siri mbele ya mashahidi: nilitoa kwa kulazimishwa. Naiona karatasi ile kama jambo la ujasiri kuliko yote aliyofanya. Baadaye mwaka huohuo Despenser alinyongwa, na Usk ikarudi.

Hakuolewa tena. Aliishi mjane miaka 38, funguo zote mkononi. Hesabu za nyumba yake zimebaki nyingi, na ndani yake unasoma mikate, pombe, samaki na mishahara, mambo ya kila siku ya bibi anayejua kinachoingia na kinachotoka. Mwaka 1338 akakichukua chuo kilichokuwa kinadhoofika Cambridge, akakipa mali na kanuni. Nembo yake imezungushiwa ukingo mweusi wenye matone ya dhahabu, na husemwa kuwa ni machozi ya kuwalilia waume zake.

Mwanawe William aliuawa Ireland 1333, akiacha binti mmoja tu. Kwa hiyo urithi wa Clare ukaangukia tena kwa msichana. Msichana huyo aliozwa kwa Lionel, mwana wa Edward III, na funguo zikaenda kwa mume kama kawaida. Mwaka 1362 Lionel alipewa cheo cha Mtawala wa Clarence, jina lililotokana na Clare, ardhi ya nyanya yake mkewe.